Miwaridi ya Homa Bay na Migori, na Faida ya Kupeana Maarifa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwaka)



Tutasema machache juu ya kazi ya bustani, na hasa juu ya mwaridi, mti ambao wengi wetu twaupenda mbele ya nyumba zetu. Tunajua kwamba wako miongoni mwetu wanaouliza: Je, waridi laliwa? Katika nchi ambayo mama hujitwika ndoo ya maji kutoka ziwani au mtoni, yafaa maji hayo kumwagiwa ua lisilopikwa? Swali hilo ni la haki, wala hatutalikwepa. Tutalijibu baada ya kueleza kazi yenyewe.

Kwanza yatupasa kuifahamu ardhi yetu. Zamani sehemu zetu mbili zilikuwa katika wilaya moja ya South Nyanza, ambayo makao yake makuu yalikuwa Homa Bay. Tangu mwaka 2013 kila moja ina serikali ya kaunti yake. Lakini mwaridi haujui mipaka ya serikali. Waijua tu ardhi, mvua na joto, na katika mambo hayo sehemu zetu hazifanani.

Homa Bay iko kando ya Ghuba ya Winam, na uso wa ziwa uko yapata mita 1,134 juu ya bahari. Mahali pengi karibu na ziwa pana udongo mweusi mzito, ambao wakati wa mvua huvimba na kushika maji, na wakati wa jua hupasuka nyufa. Mizizi ya mwaridi haiwezi kupumua katika maji yaliyotuama. Huoza, majani yakageuka manjano, na mwenye bustani asiyejua huongeza maji akidhani mti una kiu. Dawa yake ni kuinua tuta la kimo cha futi moja au zaidi, na kuuchanganya udongo huo na samadi na majani yaliyooza vizuri. Samadi mbichi isitumiwe, maana huunguza mizizi.

Ukitoka Homa Bay ukapita Rongo na Awendo, penye mashamba ya miwa, hadi Migori na vilima vya Kuria, mvua huzidi na adui hubadilika. Huko taabu kubwa ni ugonjwa wa madoa meusi, unaoyapukutisha majani mpaka mti ukabaki vijiti vitupu. Ugonjwa huu huletwa na kuvu, na mbegu zake huhitaji jani lililolowa muda wa saa saba hivi au zaidi ndipo zipate kuingia. Basi, anayemwagilia majani jioni huuandalia ugonjwa malazi. Maji na yamwagwe shinani, tena asubuhi. Miti ipandwe mbalimbali ili upepo upite. Na majani yaliyoanguka yaokotwe na kuchomwa.

Wakati wa kiangazi, hasa Januari na Februari, sehemu zote mbili hupatwa na utitiri, wadudu wadogo mno wakaao chini ya jani. Jani huwa kama lililopakwa vumbi la shaba. Kuliosha upande wa chini kwa maji, mara kwa mara, hupunguza wadudu hao. Vidukari navyo waweza kuviponda kwa vidole. Lakini usiwaue wale wadudu wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, kwa kuwa wao huvila vidukari na ni wasaidizi wako. Matandazo ya nyasi huhifadhi unyevu, ila yasiguse shina, yasije yakawa njia ya mchwa.

Sasa twafika kwenye jambo la vitabu. Vitabu vingi vya miwaridi viliandikwa katika nchi za baridi. Husema kwamba mti upogolewe sana mwisho wa majira ya baridi, unapoamka usingizini. Sisi tuko karibu na Ikweta, kusini yake kidogo. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, na mwaridi wetu haulali. Hapa yatosha kupogoa kidogo kidogo: kuondoa matawi makavu, na kukata juu ya jicho linalotazama nje, mvua zinapokaribia. Baada ya kukata, maua mapya hutazamiwa kwa wiki sita hadi nane.

Vivyo hivyo tusijilinganishe na mashamba ya Naivasha, ambayo maua yake huuzwa Ulaya. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Usiku wake ni wa baridi, ua hukua polepole, likawa kubwa lenye kikonyo kirefu. Kando ya ziwa letu ua hufunguka upesi na kunyauka upesi. Likatwe alfajiri, kabla ya jua kupanda, litiwe katika maji papo hapo.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa kwanza ni jirani ambaye mwaridi wake umepita kiangazi kingi ukiwa hai. Tumwombe kipandikizi. Kikatwe katika tawi lililokomaa, unene wa kalamu ya risasi, urefu wa sentimeta 15 hadi 20, chenye macho matatu au manne. Majani ya chini yaondolewe, thuluthi mbili zizikwe katika udongo mwepesi penye kivuli, na udongo usikauke. Kwa kawaida mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi nane. Si vyote vitakavyoshika, kwa hiyo vipandwe vitano ili vipatikane viwili.

Yuko anayeogopa kumpa jirani kipandikizi, asije jirani akawa na bustani nzuri kuliko yake. Huyo na asikie habari ya Francis Meilland wa Ufaransa. Vita Vikuu vya Pili vilipoihatarisha nchi yake, alipeleka macho ya mwaridi wake mpya kwa wakulima wenzake katika nchi nyingine, pamoja na Marekani. Mti ule ukaoteshwa na kuongezwa katika mikono ya watu wengine, na mwaka 1945 ukatangazwa huko Marekani kwa jina la Peace, maana yake Amani. Mwaka huo huo, wajumbe wa mataifa waliokutana San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa walipewa kila mmoja ua lake. Mti ulio katika bustani moja tu, mchwa wa usiku mmoja waweza kuumaliza. Ulio katika bustani kumi una walinzi kumi.

Na sasa lile swali la maji. Jibu letu ni hili: maji ya kunywa na ya chakula yatangulie daima. Mtu asipande miwaridi mingi kuliko inavyoweza kunyweshwa na maji yaliyooshea mboga na mchele. Nyumba yenye maji haba na iwe na mti mmoja, wala si aibu.

Lakini faida ya mti huo mmoja yapita ua lake. Ujuzi wa kubebesha, yaani kulitia jicho la mti mmoja katika ganda la mwingine lililochanjwa mfano wa herufi T, ndio ule ule utumikao kwa michungwa. Kijana aliyejifunza kwa mwaridi ulio mlangoni ataweza kesho kubebesha mchungwa juu ya shina la mlimau, akauza miche na matunda, akajilipia karo.

Tena kuna faida ya mazoea ya kuambiana. Mwaka 2017 viwavijeshi wageni, wenye asili ya Amerika, walipoonekana katika mahindi ya Kenya, habari ya mapema ilikuwa na thamani kubwa: mkulima aliyejua dalili aliweza kukagua majani machanga na kuponda mayai kabla hayajaanguliwa. Watu waliozoea kusimulia habari za madoa ya mwaridi hawatanyamaziana siku adui aingiapo katika chakula. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. La kwanza, kila mwenye mwaridi alete vipandikizi vitatu katika mkutano ujao, wa Homa Bay wawape wa Migori, na wa Migori wawape wa Homa Bay. La pili, kila atakayepokea aandike katika daftari siku aliyopanda, aina ya udongo, na lililotokea, hata kama mti umekufa. Maana habari ya mti uliokufa yaweza kuokoa mingine mingi.

Kutoa ni moyo, si utajiri.