Tumpime Kwanza, Kisha Tumuunge Mkono

Hotuba kwa wanaharakati na waumini kuhusu kumchagua mwakilishi wa wadi jijini Nairobi



Swali mliloniletea ni fupi, bali uzito wake si haba. Uchaguzi mkuu umewekwa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti 2027, na wanaokitaka kiti cha wadi wameanza kubisha hodi majumbani na makanisani. Mwauliza: tumuunge mkono nani? Sitataja jina la mtu. Nitaeleza njia ya kulifikia jina hilo, kwa maana jina likitangulia kipimo, mkutano wa kupima hugeuka kuwa sherehe ya kumtawaza mtu.

Wako wasemao kwamba kiti hiki ni kidogo, kwamba vita vyetu viko kwenye kura ya urais. Ndugu zangu, wenyeji wa jiji hili wanajua maana ya kukaa bila diwani. Mwaka 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi, na hadi mwaka 1992 jiji likaendeshwa na tume ya watu walioteuliwa. Mei 1990 vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, vilibomolewa kwa amri ya tume hiyo. Mama aliyepoteza kibanda chake siku ile hakuwa na diwani hata mmoja aliyemchagua, ambaye angeweza kumwendea na kumwuliza: ulipiga kura gani juu ya jambo hili?

Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Desemba 1992, Nairobi iliwachagua madiwani wengi wa upinzani. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Hata hivyo, unyakuzi wa ardhi ya umma haukukoma. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba katika mabaraza mengi nchini madiwani wenyewe walikuwa miongoni mwa walionufaika na ardhi waliyopaswa kuilinda. Fundisho liko wazi. Nembo ya chama haimtakasi mtu. Tulichokipigania ni haki ya kuchagua, na haki hiyo haitimii mpaka tuchague kwa akili.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Chini ya Katiba ya 2010, wadi 85 za Nairobi hupeleka wawakilishi wao katika Bunge la Kaunti. Mwakilishi hana hazina ya kujengea barabara. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha makadirio ya fedha, na kuichunguza serikali ya gavana. Zahanati, masoko, shule za chekechea, mitaro ya maji ya mvua, uzoaji taka, leseni za biashara: hayo yote hupita mikononi mwake. Bunge hilo laweza hata kupiga kura ya kumwondoa gavana, kama lilivyofanya Desemba 2020, na Seneti ikathibitisha. Hiki si kiti kidogo.

Basi kila anayekuja kutuomba kura tumpe mtihani ule ule, mbele ya watu wote.

Kwanza, tumwulize kama anaijua kazi anayoiomba. Makadirio ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na sharti yapitishwe kabla ya tarehe 30 Juni. Yeye atafanya nini katika miezi hiyo miwili? Ataitisha kikao cha wadi kabla ya kupiga kura, au tutasikia habari wakati fedha zimekwisha kugawanywa? Anayetuahidi polisi zaidi mtaani anaahidi kisicho mkononi mwake, kwani polisi ni wa serikali ya taifa. Ama hajui, ama anatudanganya. Na yote mawili ni sababu ya kumpisha.

Pili, tumwulize mwenendo wake. Waulizeni wanaomfahamu bila kipaza sauti: wapangaji wake, vibarua wake, wanachama wenzake wa ushirika wa akiba na mikopo. Je, hulipa ujira kwa wakati? Uwanja wa shule au wa soko ulipozungushiwa mabati usiku, alisimama upande gani? Aliyenyamaza akiwa raia hatapata ulimi kwa sababu ya kupewa kiti na mshahara.

Tatu, tumwulize atatupa hesabu lini na wapi. Tumtake aahidi kwa maandishi kwamba kila miezi mitatu atasimama mbele yetu, aeleze alivyopiga kura.

Najua kuna mtihani mwingine unaotumika mitaani: nani ametoa. Pakiti ya unga, leso, noti ya shilingi mia. Sitawadharau wenye njaa. Mkono mtupu haulambwi, na anayetoa unga anaijua njaa yetu kuliko tunavyodhani. Lakini Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamtia hatiani anayehonga pamoja na anayepokea. Na zaidi ya sheria, lipo jambo la hesabu: anayenunua kiti ataitafuta faida yake, nayo itatoka kwenye dawa za zahanati na kwenye mitaro isiyozibuliwa.

Makanisa nayo yajipime. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa michango ya wanasiasa iliyotolewa katika parokia moja ya Soweto, na kuagiza irudishwe. Huo ni mfano wa kuigwa na kila dhehebu. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro alipomshauri Musa juu ya kuteua viongozi, hakutaja ukarimu wao wala ukoo wao. Sharti mojawapo alilotaja ni kwamba wawe watu wanaochukia rushwa. Mimbari ifundishe kipimo hicho. Jina la mgombea liachiwe waumini, wakiwa raia, katika mkutano wao nje ya ibada.

Sasa nifike penye ugumu. Itakuwaje ikiwa mteule wa chama tunachokipenda ataanguka katika mtihani huu, na mgombea binafsi asiye na chama, tena wa kabila jingine, akafaulu? Mtaambiwa kwamba mkimwunga mkono huyo mnavunja umoja. Mtahimizwa kupiga kura kwa suti, chama kimoja toka juu hadi chini. Lakini mpiga kura hupewa karatasi sita kwa sababu viti ni sita na kazi ni sita. Katiba ya sasa inaruhusu mgombea binafsi, jambo ambalo halikuwezekana kabla ya 2010. Akifaulu huyo, tumchague huyo.

Umoja nao naujali, kwa kuwa bei ya utengano tuliilipa. Mwaka 1992 FORD iligawanyika, na Desemba Rais Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, wengi wakiwa wamepiga kura dhidi yake. Katika wadi hatari ni ile ile: anayepata kura nyingi kuliko wenzake hushinda, hata kama hakufikia nusu, na hakuna duru ya pili. Wema watatu wakigombea, mbaya mmoja hupita katikati yao.

Kwa hiyo nawashauri hivi. Waiteni wagombea wote siku moja, mahali pamoja, muwaulize maswali yale yale. Majibu yaandikwe na yasomwe hadharani. Kisha mshauriane, na walio wengi wakimkubali mmoja, wote tumfanyie kazi mtaa kwa mtaa, hata aliyekuwa na mwingine moyoni. Umoja unaofuata mashauriano una mizizi. Umoja unaodaiwa kabla ya mashauriano ni amri tu, na za amri tulizishiba zamani za chama kimoja.

Akishinda, karatasi ile ya ahadi tuitunze. Baada ya miezi mitatu tumwite. Asipokuja, tumfuate.