ELIMU ZIKUTANE
Hotuba juu ya utafiti wa pamoja katika Chuo Kikuu cha Makerere



Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Neno hili husikika katika kazi za ujirani na katika misiba. Ni nadra kusikika katika majumba ya elimu, nako ndiko linakohitajiwa zaidi. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Leo kilima kile kina idara nyingi, na mjuzi wa udongo aweza kumaliza miaka ishirini asizungumze hata mara moja na daktari wa watoto. Hasara yake si ya wataalamu peke yao; ni ya mgonjwa, ya mkulima, na ya mzazi alipaye karo.

Ushahidi upo papa hapa Kampala. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu, huko Jinja, akamwona mtoto wa pili mwenye uvimbe ule ule. Maradhi hayo hayakuwa mageni. Dalili zake zilikwisha kuandikwa zamani katika madaftari ya hospitali ya Mengo. Lakini aliyeona taya aliandika taya, aliyeona figo aliandika figo, na aliyeona ini aliandika ini. Haikujulikana kwamba ni saratani moja iwauayo watoto.

Burkitt hakutosheka na kisu chake. Aliwauliza wapimaji wa tishu, akapeleka barua na picha katika hospitali nyingi za Afrika, na majibu akayatia alama katika ramani. Mwishoni mwa mwaka 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari yapata maili 10,000, kwenda Afrika ya Kusini na kurudi. Ikadhihirika kwamba ugonjwa ni haba katika nchi za juu. Alexander Haddow, mjuzi wa wadudu na virusi aliyekuwa Entebbe, ndiye aliyetambua kwamba kizuizi si kimo cha nchi bali ni baridi. Na mvua nayo ikaonekana kuwa na sehemu yake. Penye joto na mvua pana mbu. Basi fikira zikaelekea kwenye malaria.

Kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya saratani ya kuku, ambaye kazi yake ilikuwa mbali kabisa na upasuaji wa watoto. Baada ya mazungumzo yao, vipande vya uvimbe vikawa vikipelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi kipya, cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Lakini mkutano ule ulikuwa wa bahati. Lau Epstein angalipita mlangoni bila kuingia, kazi ingalichelewa, na pengine sana. Chuo kisichopanga mikutano hungoja bahati. Kwa hiyo yapendekezwa mambo manne.

Kwanza, baraza la kila mwezi ambamo tatizo, wala si fani, ndilo mwenyeji. Chukueni maporomoko ya Bududa ya mwaka 2010: mjuzi wa miamba aeleze mlima, wa kilimo aeleze miti iliyokatwa, wa sheria aeleze haki ya ardhi, na mwanahistoria aeleze kwa nini watu hukaa katika miteremko ile. Mkulima wa huko naye apewe kiti cha mbele.

Pili, siku ya ramani kila mwaka. Kila idara ilete ramani yake ya wilaya moja, zitundikwe ukutani kwa pamoja, watu wazilinganishe.

Tatu, safari ya likizo: wanafunzi wa fani tatu katika gari moja, wakiuliza swali moja.

Nne, fungu dogo la fedha, lisitolewe ila kwa watu wa idara mbili walioandika shauri lao pamoja. Bila hilo, baraza litaishia katika chai na sambusa.

Watakuwapo watakaosema kwamba walimu hawana nafasi, na kwamba kazi ya wawili huleta ugomvi wa majina. Hoja hizo si za kupuuzwa. Basi majina na mafungu yaandikwe kabla ya kazi kuanza, na saa za baraza zihesabiwe kuwa kazi. Wala hapana atakiwaye kuacha fani yake. Burkitt alibaki mpasuaji, ila alijua pa kuuliza.

Jumuiya nayo yaweza kutoa ukumbi wake, na kila mzazi amwulize mwanawe aliye chuoni: mwezi huu umezungumza na nani asiye wa darasa lako? Swali ni dogo. Lakini mtoto wa Mulago na mtoto wa Jinja walikuwa na ugonjwa mmoja, na ulijulikana kwa sababu mtu mmoja aliuliza nje ya mlango wake.