Mgombea Akitaja Usalama na Shule, Tumwulize Nini?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa wilaya za Mbulu na Hanang)



Leo tuzungumze juu ya kura. Sitasema chama gani ni kizuri wala nani achaguliwe. Hiyo si kazi ya Afisa Elimu ya Watu Wazima. Kazi yangu ni kuwasaidia mtumie kusoma, kuandika na kuhesabu katika mambo yenu wenyewe. Na uongozi wa kijiji ni jambo lenu.

Tarehe 27 Novemba 2024 nchi yetu ilifanya uchaguzi wa serikali za mitaa. Vijijini tulichagua wenyeviti wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji na wajumbe wa halmashauri za vijiji. Muda wao ni miaka mitano. Oktoba 2025 ukafuata uchaguzi mkuu, na madiwani wakachaguliwa humo.

Kila kampeni zinapokuja, ahadi mbili hazikosi. Mgombea anasimama na kusema, "Nitaleta usalama." Anaendelea, "Nitaboresha shule." Watu wanapiga makofi, kisha wanarudi nyumbani. Miaka mitano inapita. Mgombea anarudi na maneno yale yale, na sisi tunapiga makofi yale yale.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi tuulize. Lakini ili kuuliza vizuri, lazima kwanza tujue nani ana kazi gani.

NANI ANA KAZI GANI?

Katika miji mikubwa kama Arusha yuko Meya. Meya ni mkuu wa madiwani wa jiji au wa manispaa. Wananchi hawampigii Meya kura moja kwa moja. Wananchi wanachagua madiwani, na madiwani wanamchagua mmoja wao awe Meya.

Huku kwetu hatuna Meya. Mbulu ina halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji. Hanang ina halmashauri moja, makao yake ni Katesh. Kila halmashauri ina Mwenyekiti, naye pia huchaguliwa na madiwani wenzake. Kwa hiyo ukichagua diwani hovyo, umesaidia kumchagua Mwenyekiti wa Halmashauri hovyo.

Walimu huajiriwa na Serikali. Polisi nao ni wa Serikali Kuu. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais, naye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Sasa mgombea wa uenyekiti wa kijiji akisema, "Nikichaguliwa nitaleta walimu kumi na kituo cha polisi," tumwulize kwa heshima: "Ndugu, utawaleta kwa mamlaka gani?"

Sisemi kwamba mwenyekiti wa kijiji hana nguvu. Anayo. Anaongoza halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25. Halmashauri hiyo ina kamati ya fedha na mipango, kamati ya huduma za jamii, na kamati ya ulinzi na usalama. Anaweza kuitisha watu wakajenga nyumba ya mwalimu, ili mwalimu akipangiwa kwetu asikimbie. Anaweza kupeleka muhtasari wa mkutano kwa diwani, na diwani akausemea katika halmashauri ya wilaya. Hizo ndizo kazi zake. Tumdai hizo.

USALAMA NI NINI KWETU?

Tukisikia neno usalama, wengi tunafikiri bunduki na polisi. Tufikiri zaidi.

Kwanza, upo wizi wa mifugo. Mtu wa Basotu au wa Dongobesh akiibiwa ng'ombe wake wa kulimia, ameibiwa shamba la mwaka huo na fedha za mahitaji ya shule ya mtoto. Hapo tumwulize mgombea: je, mtendaji wa kijiji anaandika katika daftari kila mnyama anayepelekwa mnadani? Muuzaji anapewa karatasi? Karatasi hiyo inasomwa kule mnadani, au inatazamwa tu? Mwizi hapendi daftari, maana ng'ombe aliyeandikwa ni vigumu kuuzwa na mtu asiye mwenyewe.

Pili, uko ulinzi wa zamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha sungusungu kwa sababu ya wizi wa ng'ombe. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa, na vikundi hivyo vikatambuliwa. Siku hizi tunasema ulinzi shirikishi. Ni jambo zuri, lakini lina hatari zake. Kikundi kisicho na mipaka hugeuka kuwa mzigo. Hupiga watu, hutoza faini bila risiti, hulipiza visasi vya koo.

Katiba yetu, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ametenda kosa. Kazi ya mlinzi wa zamu ni kumkamata mshukiwa na kumfikisha polisi akiwa mzima. Tumwulize mgombea: orodha ya zamu itabandikwa wapi? Mlinzi akimpiga mtu, atachukuliwa hatua gani? Faini itaandikiwa risiti na nani? Na mtoto wa mwenyekiti, naye atalinda zamu yake?

Tatu, yako maji na udongo. Hapa wana-Hanang hawahitaji mwalimu. Tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili, mvua kubwa ilinyesha na sehemu ya Mlima Hanang ikameguka. Tope, mawe na magogo yakashuka mpaka Gendabi na mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba, maduka na mashamba yalifunikwa.

Mlima hauzuiliki kwa kura. Lakini yako mambo kijiji kinayaweza. Nani amejenga katika njia ya maji? Nani anakata miti kwenye mteremko? Mvua ikizidi usiku, nani anapiga kengele, na watu wakimbilie mlima gani? Mgombea asiyekuwa na jibu la maswali haya, hata akitaja usalama mara mia, hajaufikiria.

Nne, yuko mtoto anayekwenda shule. Watoto wetu wengine huvuka korongo. Kiangazi ni mchanga tu. Masika ni mto. Wasichana wengine hutembea alfajiri katika vichaka peke yao. Je, hilo ni jambo la usalama au la shule? Ni yote mawili. Ndiyo maana nasema ahadi hizi mbili ni kitu kimoja. Mtoto asiyefika shuleni salama, darasa zuri halimsaidii.

SHULE BORA INAPIMWA KWA NINI?

Tangu Januari 2016 Serikali inatoa elimu bila ada kuanzia shule ya msingi mpaka kidato cha nne. Mwaka 2022 ikaondoa ya kidato cha tano na cha sita. Watoto waliingia kwa wingi. Hilo ni jema. Lakini watoto wakizidi na vyumba visipozidi, wanasoma chini ya mti.

Mgombea akisema "nitaboresha shule", tumwombe namba. Serikali ina vipimo vyake. Darasa moja la shule ya msingi ni la watoto 45. Tundu moja la choo ni la wasichana 20, au la wavulana 25. Chukueni kalamu, tufanye hesabu pamoja.

Tuseme shule ina watoto 360. Wasichana ni 160, wavulana ni 200.

Madarasa: 360 gawanya kwa 45 ni 8.
Matundu ya wasichana: 160 gawanya kwa 20 ni 8.
Matundu ya wavulana: 200 gawanya kwa 25 ni 8.

Sasa nendeni shuleni kwenu mkahesabu. Mkikuta madarasa 5 na matundu 6 kwa jumla, mnajua upungufu: madarasa 3 na matundu 10. Hapo mgombea hawezi kuwadanganya. Mnamwuliza, "Katika hayo matundu 10, mwaka wa kwanza utasimamia mangapi?"

Liko pia jambo la uji na makande. Mtoto mwenye njaa hasikii mwalimu. Tufanye hesabu nyingine. Kijiji kina kaya 300. Kila kaya ikitoa debe moja la mahindi la kilo 18, tunapata kilo 5,400. Watoto 360 wakila gramu 150 kila mmoja, kwa siku wanakula kilo 54. Gawanya 5,400 kwa 54. Ni siku 100.

Siku 100 ni zaidi ya nusu ya siku za masomo za mwaka mzima. Na ni debe moja tu kwa kaya! Lakini tuwe waangalifu. Mchango uamuliwe na mkutano mkuu, uandikwe, na mjane asiye na debe asidhalilishwe. Mtoto asifukuzwe shule kwa sababu ya mchango wa mzazi wake. Mgombea anayesema "nitawafukuza watoto wa wasiochanga" anawaonea watoto.

LIPI LIWE LA KWANZA?

Hapa ndipo penye ugumu, ndugu zangu. Kijiji hakina fedha za kufanya yote mara moja. Kwa hiyo tumwulize mgombea swali hili moja: "Ukipata fedha kidogo, utaanza na lipi?"

Akijibu, "Yote nitayafanya kwa pamoja," huyo hajapanga. Mkulima akiwa na jembe moja na mashamba matatu, anajua aanze na lipi kabla mvua haijapita. Kiongozi naye hivyo hivyo.

Mgombea mmoja anaweza kusema, "Nitaanza na kivuko cha korongo, kwa sababu masika watoto hawafiki shuleni." Mwingine anaweza kusema, "Nitaanza na vyoo vya wasichana, kwa sababu wakubwa wanabaki nyumbani." Wote wawili wamesema jambo na sababu yake. Tunaweza kubishana nao, tukachagua. Lakini anayesema, "Nichagueni kwa sababu mimi ni wa ukoo wenu," hajasema jambo lolote juu ya korongo wala choo. Huku kwetu tuko Wairaqw, Wabarbaig, Wanyaturu, na wengine wengi. Korongo likijaa halimwulizi mtoto kabila lake.

KURA SI MWISHO WA KAZI

Sasa nifike kwenye neno langu kubwa. Baada ya kura, mkubwa wa kijiji si mwenyekiti. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, chombo cha juu kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, mwanamke kwa mwanamume. Mkutano huo hukutana kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo.

Zamani mtu alisema, "Mimi sijui kusoma, wacha wenye kujua waseme." Akaweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakujua imeandikwa nini. Wako waliopoteza shamba kwa dole gumba. Wako waliokubali michango ambayo hawakuisikia.

Wewe uliyehitimu kisomo huna udhuru huo tena. Muhtasari wa mkutano uliopita ukisomwa, sikiliza: uliandikwa kama tulivyokubaliana? Ukiona tangazo la fedha za shule kwenye ubao, simama, soma. Ukitoa mchango, omba risiti, soma jina na kiasi. Usipoelewa, nyosha mkono. Kina mama hasa nawaomba. Ninyi mnajua korongo limejaa lini na mtoto gani amerudi analia, maana mnawaona kila siku. Msikae nyuma ya mkutano mkinong'ona. Semeni.

Wengine watasema, "Ukiuliza sana utachukiwa." Ni kweli, wapo viongozi wasiopenda maswali. Kwa hiyo msiulize mmoja mmoja. Kaeni kikundi cha kisomo, andikeni maswali matano, mchague msemaji, na wengine mumwunge mkono. Umoja ni nguvu. Na kiongozi mwema atafurahi, maana swali lenye namba linamsaidia naye kudai haki ya kijiji huko wilayani.

Basi, kila kikundi kitafute daftari moja. Ukurasa wa kwanza mwandike ahadi zilizotolewa katika uchaguzi uliopita: nani aliahidi, nini, na lini. Ukurasa wa pili mwandike kilichofanyika. Kila miezi mitatu mlete daftari hilo kwenye mkutano mkuu. Uchaguzi mwingine wa vijiji ukija, hamtahitaji kukumbuka. Mtasoma.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Shule yetu ina watoto wangapi, madarasa mangapi na matundu mangapi ya choo? Upungufu ni kiasi gani?
2. Ni njia gani ya kwenda shule yenye hatari zaidi, na wakati gani wa mwaka?
3. Mvua kubwa ikinyesha usiku, kijiji chetu kina mpango gani?
4. Orodha ya zamu za ulinzi iko wapi, na nani hajawahi kulinda?
5. Kama tungekuwa na fedha za kazi moja tu mwaka huu, tungeanza na ipi? Toeni sababu.