Gunia la Julai na Gunia la Februari

(Mazungumzo ya Ndugu Katibu kwenye mkutano wa wanaushirika, Makole, baada ya mavuno. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na wale waliofika wakakaa nyuma wakiongea.)



Nimeombwa niseme juu ya kubana matumizi. Neno hili mmelisikia mpaka limechuja. Mimi leo sitawaambia mbane. Mtu anayekula ugali na mlenda asubuhi hajala, jioni ndiyo anakula, huyo abane nini tena? Ninachotaka ni tuhesabu. Sisi wa Makole mji umetuzunguka, lakini jembe hatujaliweka chini, na hesabu yetu ni ya jembe.

Mvua ya Ugogo ni ya msimu mmoja. Inaanza Desemba, pengine mwisho wa Novemba, Aprili imekwisha, na kwa kawaida mwaka mzima haifiki milimita 600. Mtu wa ofisini analipwa mara 12 kwa mwaka. Sisi tunalipwa mara moja, Mei na Juni, kisha mshahara wenyewe unakaa kwenye kihenge unatutazama. Kwa hiyo bajeti ya mkulima si ya mwezi. Ni ya siku 365.

Haya, chukueni penseli. Nyumba ya watu sita inapika kilo 2 za unga kwa siku. Mara 365 ni kilo 730, yaani magunia 7 ya kilo mia na kilo 30 juu yake. Aliyevuna magunia 9 ana ziada ya gunia 1 na kilo 70. Hiyo ndiyo mali yake ya kuuza. Mengine hayauzwi, maana yameshaliwa tayari, ni siku tu hazijafika.

Sasa angalieni tunavyofanya. Julai magari yanakuja mpaka shambani. Watoto wanadai sare, kuna deni dukani, kuna harusi. Mnunuzi anataka lumbesa, gunia limevimba kichwa kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni, na sheria ya vipimo hairuhusu, lakini tunamjazia. Tunauza magunia manne kwa bei ya chini kabisa ya mwaka. Februari tunarudi dukani kununua chakula kile kile kwa kilo mojamoja, kwa bei ya juu kabisa ya mwaka. Hapo katikati hakuna mchawi.

Lakini ndugu zangu, jambo lililonileta hapa ni la yule aliyevuna magunia 4. Huyu kubana matumizi hakumtoshi, na anayemwambia abane anamtukana. Kilo 400 kwa kilo 2 kwa siku ni siku 200. Akianza kula tarehe 1 Julai, kihenge kinakwisha katikati ya Januari. Je, katikati ya Januari kuna nini? Kuna palizi! Baba anaacha shamba lake kwenye majani, anakwenda kufanya kibarua kwenye shamba la mwenzake apate debe la chakula leo. Shamba lake linasongwa na magugu, na mwaka unaofuata anavuna magunia 3. Tunamwona kila mwaka tunasema mvivu. Huyo ndiye anayelima kuliko sisi wote, ila analima kwa watu.

Wazee wetu walipita Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Nani atasema wale walikufa kwa ubadhirifu? Njaa si aibu ya mtu, na kwa sababu hiyo nataka itajwe mapema.

Nasema hivi. Daftari linatuonyesha mwezi wa njaa tukiwa bado Julai. Mwenye magunia 4 anajua leo kwamba amepungukiwa kilo 330. Leo debe ni rahisi. Leo mbuzi wake ana nyama, akimpeleka mnadani Msalato atarudi na nafaka ya maana. Akingoja Februari, mbuzi huyo huyo amekonda, na kila mtu mwenye shida naye kaleta mbuzi wake, bei ya mbuzi imeanguka na bei ya nafaka imepanda. Shida ni ile ile, tofauti ni tarehe tu.

Kwa hiyo naleta shindano. Kuanzia Julai hii mpaka mavuno yajayo, nyumba zijipange kumi kumi, majirani kwa majirani. Kila nyumba iwe na daftari, na kila nyumba ilete kwa wenzake mambo matatu tu: midomo mingapi, magunia mangapi, na chakula kitakwisha tarehe gani. Basi. Hatutaki kujua umekunywa nini wala umempa nani.

Najua mtauliza mshindi ni nani. Mkisema mshindi ni nyumba iliyotumia kidogo, tutapata watu wanaowanyima watoto chakula ili wasifiwe hapa ukutani. La hasha. Yanashindana makumi, na kumi linapimwa kwa nyumba yake iliyo ya mwisho. Kumi ambalo ndani yake mtu ameacha palizi yake kwenda kibarua cha chakula, limeshindwa, hata kama nyumba nyingine tisa zimejaa mpaka darini. Kwa hiyo wale tisa itawabidi wamtafute mapema: wamkopeshe nafaka sasa alipe mavuno, au Januari wamwendee shambani kwake siku moja wapalilie wote. Kulima kwa pamoja sisi Wagogo hatufundishwi na mtu, isipokuwa zamani ilikuwa lazima pombe iwepo ndipo jembe liinuke.

Na hapo kwenye pombe nisimame kidogo. Debe la uwele lililopikiwa pombe ya kunywa liandikwe kama debe lililoliwa. Lakini mama anayepika ya kuuza asisemwe. Aandike pande zote mbili, kilichotoka na kilichoingia, tuone kama ni biashara au ni jasho la bure.

Vocha ya simu nayo iandikwe. Shilingi 500 kwa siku ni 182,500 kwa mwaka. Sikatazi simu, nami ninayo.

Michango ndiyo ngumu. Msiba hauna taarifa, rambirambi itoke. Lakini kadi za harusi, kwa kweli, zimekuwa kodi. Mtu mmoja akikataa ataitwa bahili. Kumi wakikubaliana kiwango, na kikajulikana, hakuna bahili hapo. Huku ndiko kusaidiana ninakokusema: kumpa mwenzako chakula, na pia kumpa mahali pa kujifichia anapotaka kusema hapana.

Wenye VICOBA utaratibu huu hauwashangazi. Hisa za kikundi, kufuli tatu kwenye sanduku moja, funguo kwa watu watatu, kuhesabu fedha mbele ya wote: mfano wake ulianzia kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukawa umefika kwetu. Kama wao waliuweza kule kwenye ukame kuliko wetu, sisi tunashindwa nini? Ila kikundi kisajiliwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka hivyo, na inamtaka anayekopesha kwa biashara awe na leseni. Anayekuja na mkopo wa kausha damu, mwulizeni leseni kabla hamjamuuliza riba. Kitanda cha mtu kikishabebwa, Katibu hawezi kukirudisha.

Wapo wanaume wameniambia pembeni: eti mke akiona daftari atajua kila kitu. Ndiyo! Anayepima unga kila jioni ni yeye. Daftari ambalo mpimaji halioni ni karatasi ya kuwashia moto. Mwalimu Nyerere mwaka 1969 alitoa hotuba kwa TANU aliyoiita Kupanga ni Kuchagua. Sasa nyumba gani inachagua kwa jicho moja?

Wasiojua kuandika msikae nyumbani. Mimi mwenyewe kalamu niliishika nikiwa mtu mzima. Darasa letu litapokea kila atakayekuja, na mpaka mkono utakapozoea, mtoto wa shule aandike na mzazi asome namba. Ukurasa wa kwanza uandikwe kabla gari la mnunuzi halijafika kwako: idadi ya watu, idadi ya magunia, tarehe. Majina ya makumi nitayabandika hapa hapa. Ambaye hajapata majirani wa kujiunga nao aje aniambie jioni, nipo.