Jino la Mtoto na Mfuko wa Mzazi



Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inakadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Mzigo huo huwalemea zaidi wasio na uwezo. Si kwamba mzazi maskini hajali. Tufanye hesabu.

Mtoto analia jino. Daktari wa meno hayuko katika zahanati ya kijijini. Yuko hospitali kubwa. Kwenda huko ni nauli ya watu wawili, na kibarua cha siku hiyo kimepotea. Basi mzazi hununua dawa ya maumivu dukani na kungoja. Jino ambalo lingezibwa mapema huishia kung'olewa. Siku hizo zote mtoto halali vizuri, hatafuni, na darasani anashika shavu badala ya kalamu. Wengine huona haya hata kucheka.

Kuna wanaosema, "Ni meno ya utotoni, yatang'oka tu." Kumbukeni kwamba gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akifika miaka 6 hivi, nyuma ya mengine, bila jino lolote kung'oka. Wengi hulidhania la utotoni. Likioza, halioti lingine.

Yapo tunayoweza kufanya kwa gharama ndogo. Mtoto apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Miaka 3 hadi 6, kama punje ya njegere. Hivyo tyubu moja itadumu. Kila mtoto awe na mswaki wake, na mzazi amsaidie aliye mdogo.

Peremende za kutwa nzima huharibu meno kuliko kitamu kidogo wakati wa chakula. Usimlaze mtoto na chupa ya juisi au chai ya sukari. Mara kwa mara inua mdomo wake wa juu utazame. Madoa meupe karibu na ufizi ni dalili ya mwanzo, na hapo uozo bado unaweza kuzuiwa.

Lakini ushauri haupunguzi nauli. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la hospitali na zahanati, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kuhusu bajeti. Katika vikao hivyo tunaomba barabara, maji na madarasa, na ni sawa. Mkija safari nyingine, ombeni pia huduma ya meno karibu na shule za watoto wenu. Ombi likitolewa kikaoni huandikwa, na lililoandikwa mnaweza kulifuatilia.