Virusi na Saratani: Kinachoambukiza na Kisichoambukiza
Hotuba kwa wananchi katika baraza la afya



Kuna swali linalowatia watu wengi hofu: ikiwa saratani fulani huletwa na virusi, je, mgonjwa anaweza kumwambukiza jirani yake? Jibu ni la. Kula naye, kumwogesha au kulala naye chumba kimoja hakumpi mtu saratani. Kinachoambukiza ni kirusi, na wengi wanaokipata hawaugui saratani maishani mwao. Kwa hiyo, hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa.

Kwa binadamu, uhusiano huu ulianza kufahamika hapa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye aligundua kuwa ugonjwa huo huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye joto, mvua na malaria nyingi. Mwaka wa 1961 alitoa mhadhara jijini London, na mmoja wa waliomsikiliza alikuwa mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka wa 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli hizo. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana kirusi hicho, na wengi hawajui. Mbona basi watoto wachache tu ndio huugua? Kirusi peke yake hakitoshi. Malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto, na mabadiliko fulani ndani ya seli hukamilisha kazi. Hapa Kenya, saratani hiyo ya taya huonekana zaidi karibu na Ziwa Victoria na Pwani, kunakosumbua malaria. Mtoto akivimba taya au tumbo, apelekwe hospitalini mara moja. Akiwahi matibabu, anaweza kupona.

Mfano wa pili unagusa kila nyumba yenye binti. Saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake wengi nchini, na karibu visa vyake vyote hutokana na virusi vya HPV. Mjerumani Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008 kwa kugundua jambo hilo. Virusi hivyo huenea kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Visipoondoka, saratani huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza; kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu, huja mapema zaidi.

Miaka hiyo ndiyo nafasi ya kuokoa maisha. Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Wako wazazi wanaokataa kwa kusikia kuwa chanjo huharibu uzazi. Uvumi huo hauna ukweli. Ni saratani yenyewe inayoweza kumlazimu mwanamke kuondolewa kizazi. Ushahidi wa chanjo umetoka hata kwa Wakenya: katika utafiti uliofanywa Thika, Nairobi na Kisumu kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, dozi moja ilizuia zaidi ya asilimia 97 ya maambukizi ya kudumu ya aina mbili hatari zaidi katika miezi 18 ya kwanza.

Wazazi wanaombwa kufanya mambo matatu. Kwanza, binti wa miaka 10 hadi 14 apelekwe kituo cha afya cha umma akachanjwe, ni bure. Pili, mama aliyefika miaka 25 aombe kupimwa mlango wa kizazi hata kama hana dalili yoyote, na aliyechanjwa naye apimwe. Tatu, mtoto mchanga akamilishe chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, kwa kuwa ndani yake mna kinga ya homa ya ini aina ya B, ambayo huweza kuleta saratani ya ini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye swali amwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake.