Pesa Zirudi, Kiti Je?

Wasikilizaji, agizo la Askofu Mkuu Philip Anyolo mmelisikia: shilingi milioni 2.6 zilizotolewa na Rais na 200,000 za gavana zirudishwe kutoka Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Kituo hiki kinamuunga mkono. Kinachotutia hofu ni kiti cha mbele.

Pesa zikirudi na kiti kikabaki, hakuna kilichorudi. Tunakiona kiti hicho kila Jumapili. Mama aliyewahi ibada ya alfajiri kumwombea mwanawe anainuliwa, anasogezwa nyuma, msafara unaingia katikati ya mahubiri. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, ulikemea jambo hili hili: mwenye pete ya dhahabu kukaribishwa mahali pazuri, maskini kuambiwa asimame kule. Tunausoma, tunaitikia amina, kisha tunampangusia mheshimiwa kiti cha mbele.

Mkumbukeni Elisha. Naamani, jemadari wa Shamu, alipotakasika ukoma alimletea zawadi, naye Elisha akakataa katakata. Gehazi, mtumishi wake, ndiye aliyelikimbilia gari la jemadari, akadanganya, akapewa talanta mbili za fedha. Akapata na ukoma. Neema ya Mungu ikishatiwa bei, nabii atamwambia nini mkubwa kesho yake? Kwetu kesho hiyo imeshafika. Tarehe 14 Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walisimama wakakemea uongo wa serikali, kodi na utekaji nyara. Siku tatu baadaye, pale Soweto, pesa na ahadi zikatolewa madhabahuni.

Mtatuambia parokia ni maskini. Tunajua. Fundi halipwi kwa baraka. Lakini kanisa la sadaka za mama mboga, hata likichelewa kuezekwa, padri wake hana wa kumwogopa. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alitishwa na waziri asikanyage Busia. Agosti 1990 alikwenda, akahubiri, akafa barabarani akirudi. Kwake hakukuwa na kiti cha mbele cha kuuza.

Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubu katika makanisa ya Kianglikana tangu Septemba 2021. Miaka imepita! Na bado kuna makanisa yanayosimamisha ibada king'ora kikisikika, yanayokabidhi kipaza sauti, yanayokitunza kiti cha mbele kuliko yanavyomtunza mjane.

Basi, wazee wa kanisa, Jumapili hii msafara ukifika, ibada isisimame! Mheshimiwa aketi palipo na nafasi. Kipaza sauti kibaki kwa mhubiri. Akitaka kutoa, kapu litampitia kama linavyowapitia wote, atie na asitangaze. Nanyi wachungaji mliokwisha kupokea, mlango ambao Askofu Mkuu Anyolo ameupita bado uko wazi. Rudisheni. Rudisheni wiki hii, kabla hamjapanda mimbarini tena!